Bomba linapita, lakini maji yanafika?



Majuma mawili yaliyopita, kiisha kugawa feza za kirimba, mama mmoja wa kundi letu aliomba kusema. Ameona kiwanja upande wa juu wa mji, mita 10 kwa 15, bei inafaa, na komisioneri anamwambia kuna watu wengine wawili wanaokitaka. Aliomba kundi limkopeshe feza zilizopunguka ili alipe kabla ya Jumamosi. Zamani tungepiga makofi, tungeimba, na kasha lingefunguliwa palepale. Safari hii tulimuuliza swali moja: "Maji na umeme, vipi?" Akajibu kwa furaha: "Bomba linapita palepale, na poto ya umeme iko kwenye kona."

Hatukupiga makofi. Jibu hilo tulikwisha kulisikia mara moja, na lilitugharimu.

Wengi wenu mnamjua dada yetu muuza sambaza. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia, ila jina lake tunaliacha. Miaka minne iliyopita alinunua kiwanja kwa feza za mizunguko mitatu ya kirimba, pamoja na deni aliloomba kwetu. Siku ya kukitembelea, muuzaji alifungua robine iliyokuwa kwenye ukuta wa kibanda, maji yakatoka. Akagusa swichi, taa ikawaka. Sisi wenyewe tulikuwa pale, wamama 8. Tuliona maji kwa macho yetu, tuliona na taa, tukaimba mpaka watoto wa avenyi wakaja kutuangalia.

Hata miezi mitatu haikupita tangu ahamie, jirani akaja kubisha hodi. Hakuja kwa ugomvi. Alisema: "Mama, robine hii ni yangu, na waya huu unatoka kwenye konteri yangu. Aliyekuuzia alikuwa ananilipa nusu ya fakitire. Mimi sasa nina wapangaji, umeme hautoshi. Tafadhali utafute wa kwako."

Dada yetu akaenda kuomba maji na umeme kwa jina lake. Hapo ndipo mambo yalipoonekana. Bomba lililokuwa "linapita palepale" lilipita barabara ya chini, na katikati kuna viwanja viwili vya watu. Mmoja alikubali mtaro upite kwake, mwingine alikataa kabisa, kwa kuwa nyumba yake imegusa mpaka. Njia iliyobaki ni kuzunguka kwenye ngazi za mawe, mbali mara tatu. Upande wa umeme, kabini iliyolisha poto ile ilinunuliwa na watu wa kartiye kwa mchango wao, na anayekuja nyuma analipa mchango wake kwanza. Alipojumlisha bomba, mtaro, waya, konteri na mchango, alikuta karibu theluthi ya bei aliyonunulia kiwanja. Feza hizo hakuwa nazo. Alikuwa bado anatulipa sisi.

Basi binti yake wa miaka 13 akawa anaamka saa kumi ya usiku kushuka kuchota, na kupanda na bidoni mgongoni. Alifika masomo akichelewa, au hakufika. Mwaka huo alirudilia darasa. Muuzaji alificha, ni kweli. Lakini sisi wamama 8 tulisimama kwenye kiwanja kile na hatukumuuliza jirani hata swali moja. Hilo ndilo linatuuma mpaka leo, na ndiyo sababu ya ukurasa huu.

Kwanza maji

Mji wetu wa Bukavu umekaa juu ya milima, na maji hayajali maneno ya komisioneri. Sehemu kubwa ya maji ya REGIDESO hapa inatoka Murhundu. Yanaingia kwenye matangi makubwa, halafu yanashuka kwenye mabomba kwa uzito wake mwenyewe. Maji hayapandi juu kuliko tangi lake kama hakuna pampu. Kwa hiyo kiwanja kilicho juu ya tangi la kartiye kinaweza kuwa na bomba zuri kabisa lenye hewa ndani. Na kile kilicho mwisho wa bomba kinapata maji wakati wale wa chini wamekwisha kujaza na kufunga, pengine saa nane ya usiku. Swali la kuuliza ni hili: maji yanafika hapa siku ngapi kwa juma, saa ngapi, na katika mwezi wa 7 inakuwa namna gani?

Muuzaji hawezi kuwa shahidi wa hayo. Shahidi ni mama anayeishi nyumba ya pili. Rudini bila muuzaji na bila komisioneri, mara mbili: asubuhi mapema na jioni. Angalieni milango. Mkiona mapipa na bidoni zimejipanga kila nyumba, mjue maji ni ya kungojea. Mkikuta njia imelowana na watoto wanapanda na bidoni kichwani, wafuateni muone wanatoka wapi. Dakika walizotumia wao ndizo watakazotumia watoto wenu.

Kiisha muulize njia. Bomba lenu litapita kwa nani? Katika kartiye nyingi za kwetu nyumba zimebanana, barabara haifiki, na hakuna namna ya kuleta maji bila kukata kiwanja cha mtu. Jirani akikubali kwa mdomo leo, kesho anaweza kuuza, na mwenye kununua hajui ahadi yenu. Andikeni karatasi fupi, atie mkono yeye na ninyi, mbele ya shefu wa avenyi, kabla ya feza ya kiwanja kutoka. Kabla! Mkiisha kulipa, mtaro wa mita tano unakuwa na bei ya mita hamsini.

Angalieni pia kinyume chake: bomba kubwa la kartiye kupita chini ya kiwanja chenyewe. Kuna watu waliojenga juu ya bomba bila kujua. Siku likipasuka, watakuja kuchimba, na ukuta wenu ndio utakaoangushwa kwanza.

Kiisha umeme

Umeme wa mji wetu unatoka kwenye mto Ruzizi. Bwawa la kwanza lilijengwa kabla ya uhuru, na la pili tunaligawana na Rwanda na Burundi. Watu wameongezeka kuliko umeme, ndiyo maana delestaji tunaijua wote. Lakini hata katika mji mmoja, avenyi moja inapika kwa umeme na nyingine taa yake ni nyekundu kama kaa la makala. Tofauti mara nyingi ni kabini na waya. Kabini moja ikibeba nyumba nyingi kupita nguvu yake, wote wanapata kidogo, na siku moja inaungua. Waya ukiwa mrefu na mwembamba, nguvu inapotea njiani kabla ya kufika kwenu.

Kwa hiyo nendeni kuangalia saa moja ya jioni, wakati kila mama anapika na kila mtoto amewasha. Kama taa ya jirani inawaka vizuri saa hiyo, ni alama njema. Saa nne ya asubuhi haifundishi kitu. Pimeni kwa hatua zenu umbali toka poto mpaka pale mnapotaka kujenga, mumwambie fundi wa umeme hesabu hiyo, awape bei ya waya. Kama poto nyingine inahitajika katikati, muulize itanunuliwa na nani. Mara nyingi jibu ni ninyi.

Muulize pia poto na kabini ni za nani. Zamani tulijua SNEL kwa umeme na REGIDESO kwa maji, basi. Lakini sheria ya 2014 juu ya umeme na ile ya 2015 juu ya maji zilifungulia wengine mlango. Leo bomba linaweza kuwa la komite ya maji ya kartiye, na kabini inaweza kuwa ya majirani waliochanga. Hakuna ubaya, ila kila mwenye kitu ana masharti yake. Mchango wa mgeni ni kiasi gani? Unalipwa kwa nani, na anatoa risiti? Je, kabini bado ina nafasi, au tayari wamekataa wageni?

Na konteri? Pasipo konteri watu wanalipa kiasi kimoja kila mwezi, umeme uwake au usiwake. Penye konteri ya kulipia mbele, unalipa unachotumia. Muulize jirani analipa kwa namna gani.

Jambo moja la mwisho hapo, na ni la uhai. Msikubali waya uliounganishwa kwa jirani ukapita chini ya mabati na juu ya mbao. Katika mji wetu nyumba za mbao zimebanana, na moto ukianza kwa mmoja haungoji mwingine aamke. Na kama nyaya kubwa za nguvu ya juu zinapita juu ya kiwanja, kiacheni hata kikiwa cha bei ya chini. Ni kwa sababu hizo nyaya ndiyo bei imeshuka.

Maji machafu nayo yanatafuta njia

Wengi wanauliza maji yanayoingia, wanasahau yanayotoka. Kwenye mlima, maji ya mvua ya jirani wa juu yanashuka kwenu, na ya kwenu yanashuka kwa jirani wa chini. Muulize kanivo iko wapi na inaishia wapi. Kama hakuna, mtajenga ukuta wa mawe kabla ya kujenga nyumba, na gharama yake si ndogo. Nendeni siku ya mvua, na viatu vibaya. Mkiona ufa kwenye udongo au miti iliyoinama upande mmoja, udongo huo unatembea, na nyumba itatembea nao. Choo chenu kikae chini ya mahali watu wanapochota, kisikae juu yake.

Fakitire si hati ya kiwanja

Kuna wauzaji wanaoonyesha fakitire ya maji au ya umeme kama ushuhuda kwamba kiwanja ni chao. Tusidanganyike. Kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali, na mtu anapata haki ya kuutumia. Haki hiyo inaonekana kwenye cheti kinachotolewa na ofisi ya hati za ardhi. Fakitire inaonyesha nani analipa, haionyeshi nani mwenye haki.

Lakini fakitire ina kazi yake, kwa hiyo iombeni. Someni jina: ni la muuzaji kweli, au la jirani? Dada yetu muuza sambaza angesoma mstari huo mmoja, angeelewa yote siku ileile. Tazameni tena deni. Wanaokuja kukata hawaulizi nani alitumia maji mwaka jana, wanakata kwenye nyumba. Deni likiwepo, lilipwe mbele yenu au litolewe kwenye bei, na jina libadilishwe liwe lenu. Mama anayenunua kwa jasho lake aandike jina lake kwenye karatasi ya kununua, na kwenye konteri pia.

Tuhesabu pamoja

Kiwanja kisicho na maji si lazima kukiacha. Wengi wetu hatuna feza ya kiwanja cha mjini katikati. Lakini bei yake ya kweli ni ile anayosema muuzaji pamoja na kila kitu cha kukifanya kikalike.

Chukueni mfano huu, na muweke bei za kwenu. Nyumba ya watu 7 inatumia bidoni 6 za litre 20 kwa siku. Ni kidogo, haifiki litre 20 kwa mtu. Kama bidoni moja na kuibeba ni faranga 200, ni faranga 1,200 kwa siku, 36,000 kwa mwezi, na 432,000 kwa mwaka. Miaka mitano, ni zaidi ya milioni mbili. Hesabu hiyo haimo kwenye karatasi ya muuzaji, lakini mtailipa yote. Na kama hamlipi kwa feza, mtailipa kwa usingizi wa binti yenu.

Maji ya mvua yanasaidia. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba inatoa litre moja. Nyumba ya mita 7 kwa 6, mvua ikinyesha milimita 10, mabati yake yanaweza kujaza bidoni kama 17, kiisha kutoa yanayomwagika. Kwa hiyo anayenunua kiwanja cha juu aweke bei ya tangi na mifereji kwenye hesabu yake tangu mwanzo. Ila mwezi wa 6, wa 7 na wa 8 tangi hilo litalia likigongwa. Linasaidia bomba, halichukui nafasi yake.

Sheria mpya ya kasha

Kwa hayo yote kundi letu limeweka sheria moja, na tunawashauri makundi mengine muijadili. Kasha halifunguliwi kwa ajili ya kiwanja mpaka wamama watatu wamekwenda kukiona bila muuzaji, asubuhi na jioni, na wamerudi na majibu ya maswali haya. Kateni karatasi hii, mtembee nayo:

1. Maji yanafika siku ngapi kwa juma, saa ngapi, na wakati wa kiangazi?
2. Bomba la karibu liko mita ngapi, na mtaro utapita kwa nani? Amekubali kwa maandishi?
3. Poto na kabini ni za nani? Nafasi iko? Mchango ni kiasi gani?
4. Saa moja ya jioni taa za jirani zinawaka namna gani?
5. Robine na waya vilivyopo viko kwa jina la nani? Deni liko?
6. Maji ya mvua na maji machafu yanatoka wapi, yanaenda wapi?
7. Bei ya kiwanja pamoja na haya yote ni kiasi gani?

Sasa mtauliza, na yule mama wa majuma mawili yaliyopita? Watatu walikwenda naye siku ya tatu, na muuza sambaza ndiye aliyewaongoza. Wamama wa pale waliwapokea vizuri, wakawapa na viti. Walisema maji yanakuja usiku mara mbili kwa juma, na hayapandi mpaka kile kiwanja. Poto ya kona ni ya kabini ya michango, nafasi iko, mchango unalipwa kwa awamu tatu. Udongo ni mgumu, haujawahi kutembea.

Wakarudi kwa muuzaji na hesabu yao, wakaomba apunguze bei. Alikataa. Komisioneri akakasirika, akasema wamama wa siku hizi wana maswali mengi. Jumamosi ikapita, na wale wanunuzi wengine wawili hawakuonekana. Jumatatu muuzaji akapiga simu mwenyewe, na bei nyingine mdomoni.

Mama yetu bado hajasema ndiyo. Anatafuta bei ya tangi kwanza, na sisi tunamngojea bila kumsukuma. Muuza sambaza naye ana habari: mwaka huu amepata konteri yake ya umeme, kwa jina lake. Maji bado. Mtaro wa kuzunguka ngazi umebaki mita 40, na Jumamosi hii saa mbili ya asubuhi tunakwenda kuchimba naye. Mwenye jembe aje na jembe, mwenye sululu aje na sululu. Wasio na kitu waje na mikono. Uji utakuwepo.

Tubaki na amani, mpaka juma lijalo.